Vifuko vya Dawa na Swali la Joto

Katika sayansi sifa humwendea aliyebuni kitu. Aliyehangaika mpaka kitu hicho kikadumu hutajwa mwishoni, kama anatajwa. Katika habari ya liposomu desturi hiyo ina hasara, na wanaoibeba ni wagonjwa wa nchi za joto.

Liposomu ni kifuko kidogo mno, ambacho ukuta wake umejengwa kwa fosfolipidi, aina ileile ya mafuta inayojenga utando wa seli. Kila molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikitiwa majini, molekuli hizo hujipanga zenyewe katika tabaka mbili, mikia ikielekeana kwa ndani, kisha tabaka hizo hujifunga zikawa vifuko. Alec Bangham na R. W. Horne walichapisha picha zake, zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni, huko Uingereza mwaka 1964. Mwaka 1971 Gregory Gregoriadis na wenzake wa London walionyesha kwamba kimeng'enya chaweza kufungiwa ndani yake. Ikatumainiwa kwamba dawa nayo itasafirishwa mwilini kama barua katika bahasha.

Bahasha zenyewe zilivuja. Zilishikamana chupani, na zilipoingia katika damu zilimezwa na seli walaji za ini na wengu kabla ya kufika zilikotumwa. Kasoro hii ya mwisho iligeuka kuwa bahati. Vimelea vya kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi, hujificha ndani ya seli hizohizo. Amfoterisini, dawa iliyogunduliwa katika miaka ya 1950, huviua, lakini huziumiza figo. Ikifungwa katika liposomu, sehemu kubwa huelekea kwenye seli zenye vimelea, na madhara kwa figo hupungua. Katika utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2010, dozi moja ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito iliponya wagonjwa wapatao 96 katika kila 100. Afrika ya Mashariki dozi moja haikutosha. Huku hutolewa kwa siku kadhaa, hasa kwa wajawazito na wagonjwa walio katika hali mbaya.

Lakini wazo hilo lisingekuwa dawa bila kazi ya uthabiti. Mikia ya fosfolipidi ya soya ina bondi maradufu zinazoipinda, na ukuta hulegea. Watengenezaji waliiongezea hidrojeni, kama vile mafuta ya mimea yanavyogeuzwa majarini. Mikia ikanyooka na kubanana. Kolesteroli ikaziba nafasi zilizobaki, na fosfolipidi yenye chaji hasi ikazuia vifuko visishikamane. Hatimaye viligandishwa na kukaushwa pamoja na sukari, ikapatikana poda ya manjano. Muuguzi huitia maji safi ya sindano, huitikisa kwa nguvu, kisha huizimua kwa maji ya glukosi. Maji ya chumvi hayaruhusiwi kabisa, maana dawa huweza kujitenga na kutuama.

Pamoja na ustadi wote huo, kichupa kimeandikwa kisihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Turkana, na nyanda za chini za Baringo, ambako kala-azar ipo, joto la mchana hupita nyuzi 30. Kwa hiyo dawa hukaa palipo na jokofu na umeme wa uhakika, na mgonjwa ndiye hupakiwa garini kuifuata. Bei nayo ni kizuizi kikubwa, lakini bei huweza kujadiliwa. Joto la Lodwar halijadiliki.

Wapo watakaosema yanunuliwe majokofu ya nguvu za jua. Na yanunuliwe. Lakini jokofu huharibika, na fundi yuko mbali. Mwaka 2020 dunia nzima iliona chanjo ya UVIKO-19 iliyobebwa na chembe za mafuta, jamaa za liposomu, ikihitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, na nchi zipi zilizopata shida kuihifadhi.

Ni kawaida kusoma ripoti ya maabara inayoeleza kwa kurasa nyingi kiasi cha dawa kilichoingia kifukoni, kisha ikagusia uthabiti kwa sentensi moja, nao umepimwa kwa nyuzi 4 kwa majuma machache. Katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki mpango huo haufai. Kipimo cha kimataifa cha nyuzi 40 kwa miezi sita, pamoja na kile cha muda mrefu cha nyuzi 30, vingepaswa kuwa mwanzo wa utafiti, na mchanganyiko wowote unaoshindwa uachwe mapema, hata kama umependeza katika seli za maabara. Kazi hii si ya vyombo vya ajabu tu. Lesithini ya soya huuzwa kwa watengenezaji wa vyakula, na rangi iliyofungiwa katika vifuko, ikivuja, huweza kupimwa kwa spektrofotomita, mwezi baada ya mwezi, na mwanafunzi mwenye daftari na subira.