Bisibisi Kwanza

Kuwaambia wapiga solo wa gitaa wanunue pikapu yenye nguvu zaidi ili sauti ilainike ni kuwapotosha. Ni kweli, koili yenye mizunguko mingi hupunguza ukali wa juu, lakini pia huisukuma amplifaya ikwaruze mapema. Kwenye gitaa la Stratocaster kosa mara nyingi ni ukaribu: sumaku za pikapu ya shingoni huvuta nyuzi nene, noti ikayumba na kufa haraka. Bana uzi mnene kabisa kwenye freti ya mwisho, ushushe pikapu hadi ibaki nafasi ya milimita 2.5 hivi kati yake na uzi huo; upande wa nyuzi nyembamba, 2. Pikapu ya humbucker aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 ilikusudiwa kuua mvumo wa umeme, na ulaini wake naupenda mno. Ila kuifunga kwenye gitaa lisilorekebishwa ni kutupa pesa.