Daftari la Msikiti na Fundi wa Kisima: Nani Atawakutanisha?

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ni sadaka chache zinazopendwa katika misikiti yetu zama hizi kama kuchimba kisima. Waumini huchanga, wafadhili huleta mitambo, siku ya kufungua husomwa dua, na jina la marehemu anayekusudiwa thawabu huandikwa kwenye kibao cha saruji. Jambo hili lina asili tukufu. Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (s.a.w.) ni sadaka ipi iliyo bora; akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mamaye. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina akakitoa kwa Waislamu wote. Basi hatuna ugomvi na uchimbaji. Swali letu ni hili: kisima kilichofunguliwa miaka mitatu iliyopita, je, leo kinatoa maji? Na ni viongozi wangapi wa misikiti wanaoweza kulijibu swali hilo bila ya kumtuma mtu aende akatazame?

Hali ilivyo haifurahishi. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini ulikadiria kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, takriban pampu moja ya mkono kati ya tatu ilikuwa haifanyi kazi. Takwimu za Wizara ya Maji ya Tanzania, zilizokusanywa kwa wingi kati ya mwaka 2011 na 2013, zilionesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya vituo vya maji vijijini vilikuwa havitoi maji. Kwa hakika si visima vyote hivyo vilivyokauka. Pampu aina ya Afridev, inayojulikana sana Afrika Mashariki, ilibuniwa katika miaka ya 1980 ili mwanakijiji aweze kuitengeneza kwa spana moja. Vitu vyake vinavyoisha upesi ni mpira wa pistoni na bushi za egemeo, navyo si vya gharama kubwa. Kinamama hurudi kwenye dimbwi, na sadaka ya marehemu husimama, kwa sababu ya kipande cha mpira!

Matengenezo kwanza

Mafakihi wetu hawakuliacha jambo hili. Wanachuoni wa madhehebu ya Hanafi wamesema wazi kwamba mapato ya wakfu huanza kutumika katika kuutengeneza wakfu wenyewe kabla ya kugawiwa wanaostahiki, hata kama mwenye kuweka wakfu hakulitaja hilo. Sababu yake haijifichi: makusudio ya wakfu ni kudumu, na kitu hakidumu bila ya kutengenezwa. Nao wanachuoni wa Shafi, madhehebu ya wengi wetu, wamemshurutishia msimamizi wa wakfu, yaani nadhiri, mambo mawili: uadilifu na uwezo wa kuifanya kazi. Mwadilifu asiyeweza hafai, na mwenye uwezo asiye mwadilifu hafai.

Wengi wa wasimamizi wetu ni watu wema. Penye kasoro ni kwenye lile sharti la pili. Hati za kisima ziko mahali pamoja: mkataba wa mchimbaji, kina cha kisima, aina ya pampu, maelekezo ya kuifungua, orodha ya vipuri na jina la muuzaji. Hizo zimo katika kabati la katibu au katika kompyuta yake. Fundi naye yuko mahali pengine, juu ya baiskeli au pikipiki, na simu mfukoni. Anapoitwa hujui kama pampu ile ilitengenezwa lini wala alibadilisha nini fundi aliyemtangulia. Akimaliza, anayoyajua hubaki kichwani mwake. Daftari halimwambii fundi kitu, na fundi haliambii daftari kitu.

Mnyororo wa kazi unaojiendesha

Makampuni makubwa duniani yenye mafundi wengi yalikwisha kulikabili tatizo hili. Yanazo programu za kutunza hati za pamoja za wafanyakazi, na yanazo programu nyingine za kuwaongoza mafundi walioko nje: nani aende wapi, lini, na amefanya nini. Kisha baina ya hizo mbili hutiwa kiungo, na zipo programu za kati, kama vile Zapier, ambazo kazi yake ni kuziunganisha programu nyingine kwa kanuni nyepesi: likitokea hili, lifanyike lile.

Tuchukue mfano wa kisima. Mwanakijiji anatuma ujumbe mfupi kwamba pampu namba 7 imekufa. Ujumbe ukifika, hati ya kazi inafunguka yenyewe. Fundi wa eneo hilo anapata taarifa katika simu yake pamoja na historia ya pampu ile na maelekezo ya kuitengeneza. Akimaliza anajaza alichobadilisha na kupiga picha, na daftari la msikiti linajisahihisha saa ileile. Siku kadhaa zikipita bila ya jawabu, ukumbusho unamfikia msimamizi. Hapana aliyelazimika kukumbuka, wala karatasi iliyopotea.

Wala si ndoto. Katika eneo la Kyuso, Kitui nchini Kenya, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia kifaa kidogo ndani ya mikono ya pampu za vijijini, kikawa kinatuma kwa mtandao wa simu habari za pampu kutumika au kusimama. Habari hizo zikapelekwa kwa mafundi walio tayari. Muda wa pampu kukaa mbovu ukashuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Baadaye huduma ya matengenezo ya namna hiyo ikafika Kwale, pwani kwa ndugu zetu. Pampu zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni habari kumfikia fundi aliye tayari.

Chombo hakina dhamana

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Wapo vijana wanaodhani kwamba programu ikishawekwa, uongozi umetengenea. La! Chombo kinaweza kukusaidia katika sharti la uwezo. Sharti la uadilifu hakiwezi kulitimiza kwa niaba yako. Fundi akijaza kwamba amebadilisha mpira ilhali hakuubadilisha, mnyororo utaupeleka uongo huo kwa kasi ileile unayopeleka ukweli. Na msimamizi akiulizwa, hatakuwa na haki ya kujibu kwamba kompyuta ndiyo iliyosema.

Umar bin Khattab (r.a.) ndiye aliyeasisi diwani, daftari la dola ya Kiislamu. Lakini hakutosheka na maandishi, alikuwa akimtuma Muhammad bin Maslama (r.a.) kwenda kuwakagua magavana na kusikiliza malalamiko ya raia. Daftari na mkaguzi vilikwenda pamoja. Mwenyezi Mungu (s.w.) naye, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ameamrisha deni liandikwe, akamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na juu ya hayo akaamrisha mashahidi.

Lifanyike nini?

Kwanza, kila kamati ya msikiti iorodheshe visima vyake vyote na kuvipa namba, hata kama ni katika daftari la karatasi. Mnyororo hauwezi kuunganisha kisichoandikwa. Pili, mchango wa kisima kipya usipokelewe bila ya fungu la matengenezo. Tatu, misikiti ya wilaya moja ishirikiane kuwa na fundi anayelipwa, na vijana wetu waliosoma kompyuta wamuunganishie simu yake na daftari. Nne, ateuliwe kwa jina mtu mmoja wa kuulizwa, na kila mwezi atoke akavione visima vichache kwa macho yake. Tano, hesabu ya visima vinavyofanya kazi na vilivyokufa isomwe mbele ya waumini, kama zinavyosomwa hesabu za michango.

Kibao cha saruji hakimnyweshi mtu. Kabla ya kukata utepe mwingine, tukakifufue kisima kilichokwisha kufa, kwani aliyekitoa bado anangojea thawabu zake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutunza amana, na azitakabalie sadaka za waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.