Kumsaidia Jirani Kupiga Kura

Wahenga walisema, "Siri ya mtungi aijuaye ni kata." Maneno haya yafaa kukumbukwa na kila mtu mwenye moyo mwema atakaye kuwasaidia jirani zake waandikishwe katika daftari la wapiga kura, na siku ya uchaguzi wamchague mjumbe wa wadi yao. Kazi hiyo haina mshahara, nayo ni ya heshima. Lakini aifanyaye asipojua mpaka wake, aweza kumnyang'anya mwenzake kitu kile kile alichokusudia kumpatia.

Wako watu katika Kenya wadhanio kwamba kura yenye maana ni ile ya Rais peke yake, na kwamba kura ya wadi ni jambo dogo. Sivyo. Zahanati ya kijijini, shule ya watoto wadogo, njia ya kupelekea mazao sokoni, ushuru wa soko lenyewe, josho la ng'ombe, na mafunzo ya bwana shamba: hayo yote ni kazi za kaunti tangu mwaka 2013, zilipoondolewa halmashauri za zamani. Katika kaunti 47 kuna wadi 1,450, na kila wadi hupeleka mjumbe mmoja katika bunge la kaunti kusimamia fedha za mambo hayo. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 daftari lilikuwa na majina 22,120,458. Karani yeyote akigawanya hesabu hiyo kwa idadi ya wadi ataona kwamba kila wadi yapata watu kama elfu kumi na tano tu. Hao nao hugawanyika baina ya wagombea wengi, na wengine hawaendi kabisa. Basi jamaa mia wanaobaki nyumbani kwa sababu hawakuandikishwa si watu wachache.

Haki hiyo haikupatikana kwa siku moja. Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Machi 1957, si kila mtu mzima aliyepewa kura. Aliyeitaka alipaswa kuonyesha kwamba ametimiza masharti, kama vile elimu, mapato, mali, au utumishi wa miaka mingi. Na aliyetimiza mengi aliweza kupewa hata kura tatu, hali jirani yake hana hata moja. Mwaka 1963 ndipo kila mtu mzima alipopata kura yake moja, tajiri na maskini, msomi na asiyesoma.

Hata hivyo, kuwa na kura si kuwa na uhuru. Mwaka 1988 chama kilichotawala peke yake kiliwachagua wagombea wake kwa njia iliyoitwa mlolongo. Watu walisimama mstari nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya picha yake, mchana kweupe, na kila mtu aliwaona wenzake. Mwalimu alionekana na mkubwa wake, mwenye deni alionekana na mwenye duka, na mke alionekana na mumewe. Watu waliinung'unikia sana njia hiyo, na mwaka 1990 ikaachwa. Mafunzo yake ni haya: kura isiyo na siri ni kura ya yule mwenye nguvu kumzidi mpiga kura. Kwa hiyo mwenye kumsaidia jirani hana budi kuilinda siri hiyo kuliko mtu mwingine awaye yote, maana yeye ndiye asimamaye karibu nayo.

Kazi yake kubwa ni ile ya kabla ya siku ya kura. Kuandikishwa huendelea katika afisi za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka zilizo katika kila eneo la bunge, ila husimamishwa uchaguzi unapokaribia. Naye atakayengoja hata dakika ya mwisho ataukuta mlango umefungwa. Mtu awe ametimiza miaka kumi na minane, naye aende na kitambulisho chake cha taifa chenyewe, wala si nakala, au pasipoti yake. Msaidizi aliye mwema hupita nyumba kwa nyumba akiuliza: Nani hajapata kitambulisho? Nani amepoteza chake? Nani amehamia hapa akiwa bado ameandikwa mahali pengine? Huyo wa mwisho haandikishwi upya, kwa kuwa kujiandikisha mara mbili ni kosa. Yeye huomba jina lake lihamishwe. Na daftari linapofunguliwa watu walikague, msaidizi huwahimiza waende wakatazame, kwa maana kosa la jina au la nambari husahihishwa vyema wakati huo kuliko asubuhi ya uchaguzi.

Jambo moja msaidizi asilifanye kabisa, nalo ni kukusanya vitambulisho vya watu na kuviweka kwake, hata kama nia yake ni njema. Kitambulisho kikae na mwenyewe. Wala asipokee fedha wala chakula kwa mgombea yeyote kwa ajili ya kazi hiyo, kwa sababu rushwa katika uchaguzi yaadhibiwa na sheria ya mwaka 2016, naye aliyekula cha mtu hawezi tena kusema kwamba hana upande.

Siku yenyewe, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye katika mstari saa ya kufunga hupiga kura yake. Katika uchaguzi mkuu mtu hupewa karatasi sita, kila moja na rangi yake, na kila sanduku lina kifuniko cha rangi ya karatasi yake. Jambo hili huwatatiza wengi, nalo laweza kuelezwa nyumbani mapema bila kumtaja mgombea hata mmoja. Tena wako wakulima ambao vidole vyao vimesuguliwa na jembe hata mashine haivitambui. Hao wasirudi nyumbani kwa aibu: msimamizi wa kituo hutafuta jina kwa nambari ya kitambulisho, mbele ya mawakala.

Hapo ndipo lifikapo jambo lililo zito. Mpiga kura asiyeona, au asiyejua kusoma, au aliye na kilema, ana ruhusa ya kusaidiwa na mtu amchaguaye mwenyewe. Msaidizi huyo awe ametimiza miaka kumi na minane, asiwe mgombea wala wakala wa mgombea, na kabla ya kuingia aape mbele ya msimamizi kwamba ataitunza siri. Na katika uchaguzi huo atamsaidia mtu mmoja tu. Asiye na mtu husaidiwa na msimamizi mwenyewe, mawakala wakiwapo.

Mtu aliyewaleta wazee kumi kituoni asubuhi aweza kuudhika aambiwapo kwamba hawezi kuingia nao wote kumi. Lakini na afikiri kidogo. Mkono mmoja ukitia alama karatasi za watu kumi, nani atajua kama zilikuwa kura kumi, au kura moja iliyopigwa mara kumi? Kwa sababu hiyo mwenye busara huwauliza wazee wale siku nyingi mbele, "Nani mwamwamini?" Naye kila mmoja hutafuta wake: binti, mkaza mwana, au jirani wa kanisani au msikitini.

Mfano wa jambo hili ni kama huu. Bibi kizee asiyejua kusoma amemchagua mjukuu wake, karani wa mjini, amtilie alama. Ndani ya kibanda amtajia mgombea fulani. Mjukuu amchukia mgombea huyo. Amwona hana elimu, tena amesikia habari zake mbaya. Hakuna amwonaye. Bibi hatajua kamwe. Je, atie alama wapi?

Mjukuu aliye mwungwana atatia pale alipoagizwa, na karatasi ataikunja vizuri. Huenda bibi alimchagua yule mtu kwa sababu alileta maji karibu, naye ndiye aliyekuwa akibeba mtungi miaka yote mjukuu alipokuwa akisoma. Na hata kama sababu yake si njema, kura ni yake. Akitaka kumshawishi, alikuwa na miezi mingi ya kuzungumza naye jikoni, mbele ya moto, naye bibi angaliweza kumjibu. Ndani ya kibanda si mahali pa kushindana na mtu asiyeweza kusoma. Na watokapo nje, watu wakimwuliza, "Bibi amempa nani?" jibu lake liwe, "Mwulizeni mwenyewe."

Kujua kusoma ni amana. Anayewasomea wenzake barua hawi mwenye barua hizo. Vivyo hivyo amshikiaye jirani kalamu hawi mwenye kura. Kijiji kipatacho watu wachache wa namna hiyo, wanaokwenda kwa miguu yao wenyewe kuwahimiza wengine waandikishwe, kisha wakanyamaza mlangoni pa kibanda, kitapata mjumbe kiliyemtaka kweli. Akifanya vema, watamshukuru wote. Akifanya vibaya, baada ya miaka mitano watajua njia ya kumwondoa, wala hawatakuwa na haja ya kuongozwa tena.