Historia ya Laikipia Haikuanza na Nyumba ya Mawe

Mgeni anayelala katika loji ya ranchi ya zamani huko Laikipia hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja, na kwa fedha hizo huuziwa vitu viwili. Cha kwanza ni wanyamapori: vifaru, ndovu, punda milia wa Grevy na mbwa mwitu, katika kaunti isiyo na hata mbuga moja ya taifa lakini ambayo ni Maasai Mara pekee inayoipita kwa wingi wa wanyama nchini Kenya. Cha pili ni historia. Hapo pana nyumba ya mawe iliyojengwa na mlowezi, picha zisizo na rangi ukutani, moto wa kuni unaowashwa jioni kwa sababu ya baridi ya nyanda za juu, na simulizi ya babu aliyefika hapo wakati hapakuwa na barabara wala jirani. Kitu cha kwanza nakitetea bila kigugumizi. Cha pili kinauzwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayokiweka hatarini kile cha kwanza.

Utetezi utangulie, maana wapo wanaoziona ranchi hizi kama viwanja vya matajiri tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400, na baadhi yao waliishi peke yao porini, mbali na mwenza yeyote wa kuzaa naye. Mbuga za serikali zilikuwa zimezidiwa nguvu na wawindaji haramu. Wengi wa walionusurika walipata kimbilio kwenye mashamba ya ng'ombe. Mwaka 1970 Courtland Parfet alitenga sehemu ya ranchi yake ya Solio na kuizungushia ua, na vizazi vya vifaru wa humo vimepelekwa kuanzisha au kuongeza nguvu katika hifadhi nyingine nyingi. Mwaka 1983 Anna Merz alikubaliana na familia ya Craig, iliyokuwa Lewa tangu 1922, zitengwe ekari 5,000 kwa ajili ya vifaru. Miaka 12 baadaye ranchi nzima ikawa hifadhi. Ol Pejeta nayo ilianza kupokea vifaru mwaka 1988, na ndiko waliko leo Najin na Fatu, majike wawili walio wa mwisho duniani katika jamii ya vifaru weupe wa kaskazini. Sensa ya taifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu vifaru 1,739 nchini, weusi wakiwa 897. Bila ranchi hizi, hesabu hiyo isingefika hapo.

Vitanda vya wageni vina sehemu kubwa katika kazi hiyo. Kifaru mmoja hulindwa usiku na mchana na askari wenye silaha, mbwa wa kunusa nyayo, redio na wakati mwingine ndege. Ng'ombe peke yao hawalipi gharama hiyo, hasa mvua zinapokosekana misimu miwili mfululizo. Tangu uwindaji wa starehe upigwe marufuku mwaka 1977, mwenye ardhi nchini Kenya hana njia nyingi za kupata shilingi kutokana na mnyama aliye hai ila kupitia mtu anayekuja kumtazama. Kwa hiyo anayelala Lewa au Borana anachangia mshahara wa mlinzi, na halipo jambo la kuonea aibu hapo.

Sasa ile nusu nyingine. Mwaka 1904 Waingereza walitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa wa mbele. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa ili kupisha walowezi na kupewa maeneo mawili, moja kusini na jingine Laikipia. Mkataba ulisema maeneo hayo yangekuwa yao muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911, chini ya Gavana Percy Girouard, uliandikwa mkataba mwingine ulioifuta ahadi ya Laikipia, na kufikia 1913 watu wasiopungua 10,000 pamoja na mamia ya maelfu ya mifugo walikuwa wamehamishiwa kusini, wengine kwa kulazimishwa, wakipita sehemu zenye baridi, njaa na magonjwa. Kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia, Parsaloi ole Gilisho, na wenzake walikwenda mahakamani. Mahakama haikupima haki yao. Ilisema mkataba kati ya Ufalme wa Uingereza na Wamaasai ni jambo la mataifa mawili, na kwamba haina mamlaka ya kuuamua. Ardhi iliyoachwa wazi kwa njia hiyo ndiyo iliyogawiwa kuwa ranchi. Nyumba za mawe zilijengwa baadaye.

Ni rahisi kuona kwa nini loji nyingi huanza simulizi yao pale jiwe la kwanza la nyumba lilipowekwa. Babu mlowezi ana sura, ana jina, ana farasi kwenye picha. Huko Ol Pejeta, nyumba iliyokuwa ya Adnan Khashoggi, mfanyabiashara wa silaha kutoka Saudia, imekuwa loji, na ufahari wake ni sehemu ya mvuto wa mahali. Sina ugomvi na kitanda kikubwa cha tajiri. Ninachouliza ni kwa nini mgeni aondoke akijua alilala kwenye nyumba ya nani, asijue nyumba hiyo ilisimama kwenye malisho ya nani.

Watakaosema kwamba hayo ni ya kale na hayamhusu kifaru wa leo wautazame mwaka 2004. Mwezi Agosti mwaka huo Wamaasai waliandamana na wengine wakaingiza mifugo kwenye ranchi za Laikipia, wakidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa wa kukodisha kwa miaka 99 na sasa muda umekwisha. Serikali iliyakataa madai hayo, polisi wakatumwa, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. La kusikitisha zaidi ni kwamba mkataba wenyewe haukuwa wa miaka 99, na haukuwa wa kukodisha ardhi hata kidogo. Miaka 99 ilikuwa muda wa hati walizopewa walowezi chini ya sheria ya ardhi ya 1902. Kizazi kizima kilikuwa kimekua kikiamini toleo lisilo sahihi la dhuluma iliyotokea kweli, na kikamhesabia kila mwenye ranchi siku za kuondoka. Toleo hilo lilitoka wapi? Liliota mahali ambapo wenye hati hawakusema chochote, shule zilipita juu juu, na wazee walibaki na kumbukumbu bila karatasi. Aliyenyamaza kwa kuogopa madai alijikuta mbele ya madai mabaya zaidi.

Pingamizi la kwanza ni la biashara. Mgeni amelipa apumzike, asema mwenye loji, hakuja kusomewa mashtaka. Lakini mgeni huyu huyu huamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutazama alama za nyayo, huuliza ndovu wanapitaje chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru ili washuke kutoka Mlima Kenya hadi msitu wa Ngare Ndare na Lewa, na husikiliza kwa saa nzima habari za mbegu za kifaru aliyekufa. Mtu wa namna hiyo hatishwi na mkataba wa 1911. Isitoshe, tayari anauziwa historia. Anachodaiwa kupewa ni ile aliyoilipia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kusimulia ni kukiri, na kukiri ni kumpa jirani wakili. Hapa lazima tutofautishe mambo. Wamiliki wengi wa sasa walinunua, baadhi ni raia wa Kenya kwa vizazi vitatu au vinne, na Ol Pejeta haiko tena mikononi mwa familia, maana shirika la Fauna & Flora International liliinunua mwaka 2004 na leo inaendeshwa bila lengo la faida. Hakuna hata mmoja wao aliyetia saini mwaka 1911, na kusema kilichotokea hakubatilishi hati ya mtu. Mahakama za Kenya na Tume ya Taifa ya Ardhi zina kazi yao. Tena historia kamili haimpendelei yeyote. Laikipia ilikuwa na Wamaasai walioitwa Ilaikipiak, ambao walivunjwa nguvu katika vita na Wamaasai wenzao wakiongozwa na kundi la Ilpurko katika karne ya 19, miongo michache tu kabla ya Mwingereza kufika. Wapo Wasamburu, wapo Wakikuyu walionunua vipande vya ranchi kupitia kampuni za ardhi baada ya uhuru, wengine hata wasihamie kwa ukame wa mahali penyewe. Simulizi inayowataja wote hao ni ngumu kuigeuza kuwa kaulimbiu ya mkutano wa siasa. Ile isiyotaja mtu ni rahisi sana.

Kisha kuna 2017. Ukame ulikuwa mkali, uchaguzi ulikuwa karibu, na wafugaji wenye silaha waliingia ranchini na maelfu ya ng'ombe. Mwenye ranchi Tristan Voorspuy aliuawa mwezi Machi, mwenye ranchi mwenzake Kuki Gallmann akapigwa risasi mwezi uliofuata, na loji kadhaa zikachomwa. Wengi wa walioingia hawakuwa wajukuu wa waliohamishwa mwaka 1911. Walitoka Baringo na Samburu, na baadhi walichochewa na wanasiasa. Basi, atauliza mtu, ubao wenye historia ukutani ungemzuia nani? Nakubali, usingemzuia yeyote. Ng'ombe mwenye njaa hushibishwa na nyasi, na ndiyo maana mipango ya ranchi za Borana na Loisaba ya kuruhusu mifugo ya majirani kwa zamu na kwa makubaliano ina thamani kuliko hotuba. Lakini makubaliano ya malisho hudumu pale pande zote mbili zinapojua mwingine amesimama wapi. Mfugaji anayealikwa kulisha kama fadhila, kwenye ardhi ambayo baba yake alimwambia ni yao, atapokea nyasi na kusubiri siku. Anayezungumza na jirani ambaye amekwisha kusema waziwazi mahali hapa palipatikanaje ana mazungumzo ya aina nyingine, hata kama bado hawakubaliani.

Mfano wa kutosha hauko mbali. Il Ngwesi, kaskazini ya Lewa, ni mali ya jamii ya Wamaasai wenyewe. Loji yao ilifunguliwa mwaka 1996 kwa msaada wa Lewa. Hapo anayemsimulia mgeni kuhusu Laikipia ni mtu ambaye ukoo wake umo ndani ya simulizi, na sijasikia kwamba vitanda vimebaki vitupu kwa sababu hiyo. Ranchi za zamani hazihitaji kuvunja ukuta wala kushusha picha ya babu. Zitundike kando yake ramani ya 1911. Ziwalipe wazee wa vijiji vya jirani kwa kazi ya kusimulia kama zinavyowalipa waongozaji wa ndege na nyayo. Zialike watoto wa shule za karibu ndani ya ua, wamwone kifaru na kusikia habari hizo hizo anazosikia mgeni kutoka London, pasiwepo toleo la wageni na toleo la wenyeji. Mordecai Ogada na John Mbaria waliandika kitabu mwaka 2016 wakidai kwamba uhifadhi wa Kenya umejengwa juu ya kumtoa Mwafrika kwenye picha. Siafikiani nao kila mahali, hasa wanapopuuza kilichookolewa Solio na Lewa. Ila katika hili la picha, loji zimewapa ushahidi zenyewe.

Jambo hili lina kalenda pia. Katiba ya 2010 ilipunguza umiliki wa ardhi wa wasio raia hadi kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99, hata kwa waliokuwa na hati za miaka 999. Ukihesabu kuanzia Agosti 2010, mwisho wake ni 2109. Watakaokaa mezani wakati huo kuamua kama hati zihuishwe, na kama ardhi ibaki ya wanyama au ikatwe viwanja, watakuwa watoto na wajukuu wa hao ambao leo wanachunga mbuzi nje ya ua wa umeme. Wataamua kwa kile walichosimuliwa kuhusu ua huo, na usimulizi huo unaendelea sasa hivi, loji zikishiriki au zisiposhiriki.