Tuzibe Ufa Kabla ya Kupaka Rangi

Siku hizi ukiingia katika hospitali nyingi, hata za misheni zilizoko mbali na mjini, hukuti tena lile daftari kubwa la mapokezi peke yake. Unakuta kompyuta. Jina la mgonjwa, vipimo vyake, dawa alizoandikiwa na fedha alizolipa, vyote huingizwa humo. Hili ni jambo jema. Faili la karatasi hupotea, huliwa na mchwa, na mwandiko wa daktari mara nyingine husomeka kwa shida. Sina ugomvi na kompyuta. Nina neno juu ya namna fedha za kompyuta zinavyotumika.

Mara nyingi toleo jipya la programu linapoletwa hospitalini, tunaitwa kuonyeshwa mambo mapya. Kuna michoro ya rangi inayoonyesha idadi ya wagonjwa kwa mwezi. Kuna ukurasa ambao mkurugenzi anaweza kuusoma katika simu yake akiwa safarini. Siku hizi kuna na akili mnemba, ambayo tunaambiwa itajibu maswali kama mtu. Wageni hupiga makofi. Kisha muuguzi wa wodi ya watoto huuliza: “Na ile kasoro tuliyoieleza mwaka jana?” Jibu huwa kwamba bado inashughulikiwa.

Kasoro zenyewe ni zipi? Nitataja tatu ambazo wauguzi wengi watazitambua.

Ya kwanza ni majina. Kwetu majina ya ubatizo na majina ya baba hufanana sana. Katika wodi moja unaweza kuwakuta akina Maria watatu. Programu ikimwandikisha mtu mmoja mara mbili, au ikiwaonyesha watu wawili bila kutofautisha umri na kijiji, majibu ya maabara ya huyu yatasomwa kwa yule. Ya pili ni uzito. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo. Programu inayokubali bila kuuliza kwamba mtoto wa miezi minane ana kilo 80, kwa sababu tu aliyeandika alisahau nukta, inafungua njia ya kumpa dawa mara kumi ya kipimo chake. Ya tatu ni umeme. Ukikatika kabla ya kazi kuhifadhiwa, kila kitu kinafutika, na muuguzi mwenye wagonjwa 40 anaanza upya usiku wa manane, akiandika kwa kukumbuka.

Hakuna mgeni atakayepiga makofi kwa sababu kasoro hizi zimeondolewa. Zikiondolewa, hakuna kitu kipya cha kuonyesha. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe: kazi inayookoa mgonjwa haionekani, na kazi inayoonekana ndiyo inayopata fedha.

Jambo hili halikuanzia kwetu, wala si la nchi maskini tu. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Mashine za zamani zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia hatari hiyo. Katika hii mpya kazi hiyo iliachiwa programu. Waendeshaji walikuwa wamelalamika kwamba kuingiza maelezo kunachukua muda mrefu, basi wakarahisishiwa: wangeweza kubonyeza tu na kupita haraka. Lakini ndani ya programu mlikuwa na makosa, na mojawapo lilijitokeza pale mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maelezo kwa haraka. Kioo kiliandika kwamba kuna hitilafu, kikataja na namba yake, bila kueleza ni hatari gani. Kazi ilirahisishwa, ufa ukabaki. Vizuizi vya chuma na umeme viliwekwa baada ya watu kuumia.

Mfano wa pili ni Uingereza. Mwaka 2002 nchi hiyo ilianza mpango mkubwa wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa wote wa England katika kompyuta zinazowasiliana. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kuuvunja mpango huo, baada ya mabilioni ya pauni kutumika. Kisha, tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kiliingia katika hospitali za nchi hiyo. Kiraka cha kuziba tundu kilichopitia kilikuwa kimetolewa na kampuni ya Microsoft tangu mwezi Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Kati ya mashirika 236 yanayoendesha huduma za hospitali England, yasiyopungua 80 yalipata usumbufu. Maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi yao, na wauguzi walirudi kwenye kalamu na karatasi. Nchi iliyoota ndoto kubwa kiasi hicho iliangushwa na kazi ndogo ya matengenezo.

Lakini upo na mfano wa kututia moyo. Mwezi Januari 2002, Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wote wa Microsoft akiwaagiza kwamba wakilazimika kuchagua kati ya kuongeza kitu kipya na kurekebisha kasoro ya usalama, wachague usalama. Mwaka uliotangulia virusi vya kompyuta vilikuwa vimeisumbua dunia. Kazi ya kutengeneza Windows mpya ilisimamishwa kwa muda ili maelfu ya mafundi wafundishwe na kukagua walichokwisha kukiandika. Matatizo hayakwisha siku hiyo, lakini inaonyesha kwamba mwenye mamlaka akiamua, inawezekana kusimama na kuziba.

Wapo watakaonijibu kwamba anayechora kurasa nzuri si yule anayerekebisha hesabu za ndani, kwa hiyo mmoja hamnyang'anyi mwenzake kazi. Pengine ni kweli huko wanakotengenezea programu. Hospitalini mfuko ni mmoja. Fedha za mafunzo, za betri, za fundi na za kulipia toleo jipya hutoka mahali pamoja, na muda wa muuguzi ni ule ule. Tena kila kitu kipya huja na kasoro zake, ambazo hupanga foleni nyuma ya zile za zamani.

Wengine watasema kwamba wafadhili hupenda kuona vitu vipya. Nalo ni kweli, na ndiyo maana inatupasa kuwaeleza. Mfadhili aliyekwisha kusikia juu ya mtoto na ile nukta ya kilo ataelewa.

Wala sisemi kila kipya ni pambo. Programu inayomzuia daktari asimwandikie penisilini mgonjwa ambaye dawa hiyo humdhuru imeongeza kitu kipya, nacho ni uhai. Kipimo changu ni swali moja: je, jambo hili linamsaidia aliyelala kitandani, au linampendeza aliyekaa kwenye kiti cha mkutano? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nawaomba viongozi wa hospitali na zahanati zetu wafanye mambo manne. Kwanza, kila wodi, maabara na dirisha la dawa pawe na daftari la kasoro za kompyuta, lenye tarehe na jina la aliyeandika. Pili, toleo jipya lisilipiwe kabla daftari hilo halijasomwa mbele ya mwenye programu, kasoro moja baada ya nyingine. Tatu, katika kikao cha kuchagua programu awemo muuguzi wa zamu ya usiku, si wahasibu na mafundi peke yao. Nne, fomu za karatasi ziwepo daima, na wafanyakazi wazoezwe kuzitumia, maana umeme utakatika.

Nawe msomaji unayekuja kutibiwa, una sehemu yako. Unaposajiliwa, taja majina yako yote, umri wako na kijiji chako, na uombe usomewe kilichoandikwa. Ukipewa dawa ya mtoto, uliza imehesabiwa kwa kilo ngapi. Usione haya. Muuguzi mwema hatakasirika, atashukuru.