Kuongezwa Njia Bila Kuulizwa: Suala la Haki katika Wodi ya Wazazi



Tunapotamka maneno "haki na amani", wengi wetu hufikiria mahakama, migogoro ya ardhi, uchaguzi na ujira wa vibarua. Ni mara chache tunapoikumbuka wodi ya wazazi. Lakini humo pia mwenye mamlaka hukutana na asiye na sauti, na humo pia hadhi ya binadamu yaweza kuheshimiwa au kukanyagwa. Katika ukurasa huu tunazungumzia jambo ambalo akina mama hulisema kwa kunong'ona na akina baba hawalisemi kabisa: mama kukatwa msamba wakati wa kujifungua, yaani kuongezwa njia.

Kitendo chenyewe si kiovu. Mtoto akiwa njiani, na mapigo ya moyo wake yakashuka, mkato uliofanywa kwa busara waweza kumwokoa. Mkunga anayefanya hivyo anastahili shukrani zetu. Tunachokihoji ni mazoea: kumkata kila mama, hasa mwenye mimba ya kwanza, kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka, tena bila kumwambia neno.

Mazoea hayo yana historia yake. Mwaka 1742 daktari Fielding Ould wa Dublin aliueleza mkato huo kama msaada katika uzazi mgumu. Mwaka 1920 daktari Joseph DeLee wa Chicago, Marekani, alipendekeza ufanywe hata kwa mama anayejifungua kwa mara ya kwanza bila tatizo lolote, akiamini kuwa unamkinga asiumie zaidi. Fundisho hilo likaenea katika hospitali za nchi nyingi kabla halijapimwa ipasavyo.

Lilipopimwa, halikusimama. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Argentina katika hospitali 8 za umma, kwa wanawake 2,606 waliokuwa wakijifungua mara ya kwanza au ya pili. Katika kundi moja kukata kulikuwa desturi, na asilimia 83 walikatwa. Katika kundi la pili ilitakiwa kuwepo sababu, na waliokatwa walikuwa asilimia 30. Michaniko mikubwa ilikuwa michache pande zote mbili: asilimia 1.5 katika kundi la kwanza, asilimia 1.2 katika la pili. Ni kweli kwamba michaniko ya upande wa mbele ilikuwa mingi zaidi katika kundi la pili. Lakini maumivu ya msamba, na nyuzi kufumuka, vilikuwa zaidi katika kundi lililokatwa kwa desturi. Kinga iliyoahidiwa haikuonekana.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba halipendekezi kumkata kwa mazoea mama anayejifungua kwa njia ya kawaida. Lilisema pia kwamba, ikilazimu kukata, ni lazima pawepo ganzi ya kutosha na ridhaa ya mama aliyeelezwa akaelewa.

Neno hilo ridhaa ndilo linalotugusa sisi wa Haki na Amani. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba ukamilifu wa mtu, mwili na roho, haupaswi kuvunjwa. Mwili wa mama haugeuki kuwa mali ya hospitali pale anapovuka mlango wa chumba cha kujifungulia. Anayeng'olewa jino huambiwa kwanza ni jino lipi na kwa nini. Iweje mama akatwe mahali pa siri pa mwili wake, kisha ajue habari hiyo wakati wa kushonwa?

Wapo wanaojibu kwamba uchungu wa uzazi ni adhabu ya Hawa, basi mwanamke avumilie. Jibu hilo si la Kanisa. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pius XII, akizungumza na madaktari, alieleza kwamba Maandiko hayakatazi kupunguza maumivu ya kujifungua. Ikiwa hata uchungu wa asili ni halali kuupunguza, ni nani aliyetupa ruhusa ya kuuongeza kwa mkasi pasipo haja?

Wengine watasema: wakunga ni wachache, wazazi ni wengi, muda wa maelezo hautoshi. Tunaujua mzigo wa wakunga wetu, na hatuandiki ili kuwahukumu. Lakini kila mkato usio wa lazima unadai ganzi, nyuzi, pamba na muda wa kushona. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa kwenye msamba, pamoja na mkono wenye subira unaokishikilia kichwa cha mtoto kisitoke kwa ghafla, humsaidia mama asichanike vibaya. Na maelezo yaweza kutolewa mapema, kliniki, mama akiwa mtulivu. Wakati wenyewe ukifika, sentensi moja yatosha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, hospitali na zahanati za Kanisa ziwe za mbele: kila mkato uandikwe pamoja na sababu yake, na kama mama aliulizwa; na bodi zisome hesabu hiyo kama zinavyosoma hesabu ya fedha. Pili, vikundi vya wanawake parokiani viwaalike wakunga kuwafundisha akina mama wajawazito na waume zao, ili mama ajue kuuliza, "Kuna haja gani?", pasipo kuonekana mkaidi. Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo zimsikilize mama aliyejeruhiwa, zimsindikize kupata matibabu, na kupeleka malalamiko yake kwa wahusika kwa heshima na bila woga.

Tumezoea kumpongeza mama kwa zawadi ya mtoto na kuuliza mtoto ana uzito gani. Tujizoeze pia kuuliza mama mwenyewe alitendewaje. Kanisa linalotetea uhai tangu tumboni haliwezi kuwa kimya juu ya yule anayeuleta duniani.