Somo la fiziolojia lianzie kwenye ndoo ya maji

Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha ripoti fupi kutoka Kenya iliyowashangaza wataalamu wa misuli na mwendo. Wanawake wa Kijaluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, walitembea juu ya mashine huku wakipimwa oksijeni wanayotumia. Hadi mzigo ulipofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia oksijeni ya ziada hata kidogo.

Hilo halikutarajiwa. Vipimo vya awali kwa panya, mbwa, farasi na binadamu vilikuwa vimeonyesha kwamba mzigo una bei moja: ukibeba asilimia 10 ya uzito wako, oksijeni nayo hupanda kwa asilimia 10. Miongoni mwa watafiti walioandika ripoti ile alikuwamo Geoffrey Maloiy, Mkenya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Richard Taylor wa Harvard. Mwaka 1995 ripoti nyingine ikaeleza siri yenyewe. Katika kila hatua mwili wa mtembeaji huinuka na kushuka kama bembea, na sehemu ya nguvu iliyoupandisha hurudi kuusukuma mbele. Akina mama hawa, wakiwa na mzigo, huirudisha nguvu hiyo kwa ufanisi zaidi kuliko watu wengine.

Sasa ichukuliwe ndoo ya lita 20, ile ya kila siku. Mwanamke wa kilo 60 hubeba kilo 12 bila kulipa chochote. Maji ya ndoo hiyo yana kilo 20, yaani theluthi ya uzito wake, na ripoti ilionyesha kwamba kinachozidi ile asilimia 20 ndicho kinacholipiwa. Kwa hiyo ndoo inamgharimu oksijeni kama asilimia 13 zaidi, wakati kwa kanuni ya kawaida ingemgharimu 33. Hesabu hiyo peke yake inajaza kipindi kizima cha mwaka wa kwanza: ina mapafu, moyo, misuli na chakula ndani yake, na inamhusu mtu ambaye mwanafunzi anamfahamu.

Lakini kwa wanafunzi wengi wa vyuo vyetu, fiziolojia ni somo la madesa. Hukaririwa usiku kucha, humwagwa kwenye karatasi ya mtihani, kisha husahaulika. Tena limegawanywa mapande mawili yasiyosalimiana: anayesomea udaktari Muhimbili anajifunza figo la binadamu, na anayesomea udaktari wa mifugo Sokoine, Morogoro, anajifunza la ng'ombe. Hasara ya mgawanyo huo ni kubwa, kwa sababu mengi yanayojulikana leo kuhusu mwili wa mtu yalipatikana kwa kumtazama mnyama aliyelemewa zaidi na tatizo hilohilo kuliko sisi.

Kwa mfano, kamongo wa Ziwa Victoria. Homer Smith wa Chuo Kikuu cha New York, mmoja wa mabingwa wakubwa wa figo wa karne iliyopita, alivutiwa sana na samaki huyu mwenye mapafu, hata kitabu chake cha mwaka 1932 akakiita Kamongo. Akiwa majini, kamongo hutoa sehemu kubwa ya taka za protini kwa njia ya amonia. Maji yakikauka hujifukia topeni, hupunguza kasi ya mwili, na taka zile huzigeuza kuwa yurea isiyo na sumu kali, akaihifadhi mwilini hadi mvua irudi. Ini la binadamu hufanya kazi hiyohiyo kila siku, na likishindwa, amonia hupanda na kuuvuruga ubongo. Ziwa Magadi nako kuna jamaa ya perege anayeishi kwenye maji yenye magadi makali kiasi kwamba amonia haiwezi kutoka kirahisi kupitia mashavu yake. Mwaka 1989 watafiti, Maloiy akiwamo tena, walithibitisha kwamba samaki huyo hutoa taka zake kama yurea. Daktari mwanafunzi aliyewaelewa samaki hawa wawili hana haja ya kukariri kwa nini mgonjwa wa ini huchanganyikiwa.

Faida nyingine ni kujua kwamba kitabu nacho hukosea. Katika miaka ya 1960 Taylor aliwapima choroa nchini Kenya kwenye chumba chenye joto kali. Choroa aliyenyimwa maji aliacha joto la mwili lipande kupita nyuzi 45, badala ya kupoteza maji kwa jasho. Binadamu akifika 42 ni mahututi. Maelezo yaliyoingia vitabuni yalikuwa matamu: damu ya ubongo hupita kwanza kwenye mtandao wa mishipa myembamba, ikapozwa na damu inayorudi kutoka puani, na ubongo ukanusurika. Kisha, katika miaka ya 1990, nyumbu weusi wa Afrika Kusini walipandikizwa vipimajoto na kuachwa huru porini. Walipokimbia kwa nguvu, saa ambayo ubongo ungehitaji kupozwa zaidi, upozaji huo ulizimika. Siku hizi wataalamu wengi wanaona kazi yake kubwa ni kubana maji, kwa kuwa ubongo uliopoa huagiza jasho dogo. Waliokariri maelezo ya kwanza walipata alama zao, na jibu lilikuwa na kasoro.

Wahadhiri watajibu kwamba maabara ni ghali, madarasa yamefurika na mtaala umejaa. Ni kweli, ila si kwa kila kitu. Kipimajoto, kipimapresha, saa na ngazi za jengo la utawala vinatosha kumwonyesha mwanafunzi moyo wake mwenyewe ukifanya kazi, kabla na baada ya kubeba ndoo ghorofa tatu. Hakuna chura anayelazimika kufa. Na mwanafunzi aliyejipima atauliza kwa nini mapigo yake yalishuka haraka kuliko ya mwenzake, swali ambalo desa halina.

Wakuu wa vitivo wanaopanga ratiba za mwaka ujao wa masomo watenge kipindi kimoja cha vitendo kwa wiki, watakachokaa pamoja wanafunzi wa tiba ya binadamu na ya mifugo pale vitivo vyao vilipo chuo kimoja, na angalau swali moja la mtihani litoke kwenye vipimo walivyochukua wao wenyewe.